Yatima Aliyekwisha Baleghe

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya mtu mmoja ambaye aghlabu husahauliwa katika nyumba ya msiba. Mtoto mchanga hasahauliwi. Hupakatwa na kila mwanamke aingiaye. Mjane hasahauliwi, ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, na sharia imemwekea haki zake. Asahauliwaye ni yule kijana wa miaka 15 aliyesimama mlangoni akipokea mikono ya watu, amevaa kanzu ya marehemu baba yake iliyomzidi kidogo mabegani, na kila amshikaye mkono humwambia maneno yale yale: "Jikaze. Sasa wewe ndiwe baba wa nyumba hii."

Nasi tumepata kuyasema maneno hayo. Twaungama hivyo mapema, ili msomaji asidhani kuwa twaandika ili kuwakosoa wenzetu.

Miaka kadhaa iliyopita alifariki jirani yetu mmoja, fundi wa kushona, mtu wa watu. Mkewe alikuwa amemtangulia miaka mitatu kabla. Alimwacha mwana mmoja wa kiume, wa umri huo tuliousema, na binti wawili wadogo. Tulikuwa miongoni mwa waliomwambia yule kijana, "Usilie, mwanangu, wewe mwanamume." Wala hakulia. Alishuka kaburini akaupokea mwili wa baba yake kwa mikono yake, akapanda, akatia udongo, akarudi akaketi barazani siku zote za matanga kama mtu mzima. Watu walimsifu sana. Ami yake akawachukua wote watatu nyumbani kwake kwa moyo safi, ijapokuwa mwenyewe alikuwa na watoto watano na mshahara usiotosha.

Mwaka wa kwanza kijana alikuwa mfano wa kupigiwa. Alikuwa wa kwanza kuamka kwa sala ya alfajiri, aliwapeleka dada zake chuoni, alishinda mitihani. Tukasema, alhamdulillahi, amepoa. Mwaka wa pili akaanza kubadilika. Akawa hasemi na mtu. Usiku halali na mchana husinzia darasani. Akalalamika kichwa, akapelekwa kwa daktari, na daktari hakuona kitu. Hatimaye siku moja akampandishia ami yake sauti mbele ya wageni, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwake, na katika maneno yaliyomtoka likatajwa jambo moja ambalo sisi sote tulikuwa tumekwisha lisahau: cherehani.

Ami mtu alikuwa amekiuza kile cherehani cha marehemu ili kulipa madeni yake. Alifanya haki, kwani deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Lakini hakumwambia mtoto. Kijana alirudi kutoka shuleni akakuta mahali pake patupu, na alama za miguu ya chuma sakafuni. Hayo yalikuwa mwezi wa pili baada ya mazishi. Alinyamaza nayo miezi 16.

Basi tukajiuliza: kwa nini alinyamaza? Na kwa nini alianza kuharibika wakati ambapo sisi tulidhani amekwisha pona?

Kabla ya kujibu hatuna budi kuiondoa shaka moja, maana twajua kuna atakayesema, "Huyo si yatima. Amekwisha baleghe." Kisharia asema kweli. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.), kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba uyatima hukoma mtu anapobaleghe. Lakini tuitazame vema hukumu hii ni ya kitu gani. Ni hukumu ya usimamizi, ya mali, ya nani anaweza kufunga mkataba na nani hawezi. Haisemi kuwa usiku ule kijana anapoota ndoto yake ya kwanza ya utu uzima, moyo wake huacha kumtaka mama yake.

Na hata katika mali, Kurani Tukufu haikutosheka na baleghe. Katika Suratin Nisaa, aya ya 6, wasimamizi wameamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wakiona kwao rushdi, yaani akili iliyotulia katika kuendesha mambo, ndipo wawakabidhi mali zao. Hayo ni mambo mawili, si moja. Imam Shafi, ambaye wengi wetu watu wa pwani twafuata madhehebu yake, aliweka miaka 15 ya mwezi kuwa ndio mpaka wa kubaleghe kwa umri. Imam Abu Hanifa aliweka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana, na akaona kuwa aliyebaleghe bila ya rushdi mali yake izuiwe mpaka atimize miaka 25. Wanazuoni wetu, basi, walikwisha jua tangu zamani kuwa mwili na akili havifiki siku moja.

Wataalamu wa siku hizi waliochunguza ubongo kwa picha husema kuwa sehemu yake ya mbele, ambayo ndiyo ya kupima mambo na kuzuia ghadhabu, huendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25. Hatutaki kuikamata habari hii na kuifunga kwenye mlango wa fikihi, kama wafanyavyo wengine kwa kila jipya la sayansi. Abu Hanifa hakuona picha ya ubongo wa mtu yeyote. Aliwaona vijana wa Kufa, na akawatazama vizuri. Kutazama huko ndiko tunakokutaka.

Sasa turudi kwenye huzuni yenyewe. Elimu ya nafsi si ngeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na humo akapambanua kati ya huzuni ambayo sababu yake yajulikana, kama kupotewa na mpenzi au mali, na huzuni imjiayo mtu bila ya yeye kujua imetoka wapi. Kila moja akaieleza na dawa yake. Miaka elfu na zaidi imepita, na bado kuna nyumba ambamo mtoto aliyefiwa akionekana na kiwewe huambiwa upesi kuwa ana shetani. Ya nini kwenda mbali hivyo, na sababu iko makaburini, tena sisi wenyewe tuliisindikiza?

Mtoto wa miaka minne huambiwa kuwa mama yake amefariki, kisha jioni huuliza mama atarudi lini. Hajui bado kuwa mauti hayamrudishi mtu. Kijana wa miaka 15 ayajua hayo kama ayajuavyo mzee wa miaka 60. Alichopungukiwa si ujuzi, ni uzoefu: hajapata kufiwa na mtu wa karibu, kisha akaona mwenyewe kuwa binadamu hupatwa na jambo kama hilo, na bado akaishi, akala, akacheka. Mzee ayaona maumivu na aujua mwisho wake. Kijana ayaona maumivu tu.

Tena umri huo ndio umri wa mtoto kujitenga kidogo kidogo na wazazi wake. Hubisha. Hufunga mlango. Hupendelea maneno ya rafiki zake kuliko ya baba yake. Ni maumbile, na kwa desturi huisha salama kwa kuwa mzazi yupo: mwana huondoka na kurudi, hukosa na kuomba radhi, na radhi hupokewa. Mzazi akifa katikati ya ubishi huo, nani atakayeipokea radhi? Vijana wengi hubeba ndani yao neno moja walilolisema wiki ya mwisho, au salamu waliyokataa kuipokea, na hawamwambii mtu, kwa sababu waona kuwa wakilisema watu watawachukia. Hubeba pia hasira, nayo huwaonea haya kuliko machozi. Nani atakiri kuwa amemkasirikia maiti kwa kufa?

Juu ya hayo kijana hapendi kuonekana mbali na wenzake. Darasani wote wana wazazi wa kutia saini barua za shule, yeye peke yake ndiye aulizwaye, "Na baba?" Akilia, atahurumiwa, na huruma ya hadharani humchoma kuliko fimbo. Kwa hiyo hucheza mpira kesho yake ya mazishi, na majirani husema hana moyo. Moyo anao. Wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kuwa mfiwa haendi njia moja iliyonyoka kutoka kilioni hadi kwenye utulivu. Huenda na kurudi. Saa hii yumo katika huzuni yake, saa ile ameiacha ashughulike na maisha, kisha hurejea. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa michoro. Twaliona kila siku, maji yakijaa na maji yakipwa. Aliyepwa na maji saa za mpira si mtovu wa mapenzi, wala aliyejaa maji mwaka wa pili si mtovu wa subira.

Hapa ndipo tulipokosea sisi kwa yule kijana wetu. Katika nchi ya Marekani, karibu na mji wa Boston, William Worden na Phyllis Silverman waliwafuata kwa miaka miwili watoto 125 wa miaka 6 hadi 17, kutoka familia 70, ambao kila mmoja alikuwa amefiwa na mzazi mmoja. Wengi wao, kwa rehema ya Mungu, walisimama. Lakini karibu mmoja katika kila watano walikuwa na taabu kubwa, na kwa baadhi yao taabu hiyo haikuonekana mwaka wa kwanza ila wa pili. Sasa tufikiri desturi yetu. Siku tatu nyumba hujaa. Siku ya arobaini husomwa hitima, pilau hupikwa, watu huja. Baada ya hapo? Aliyekuja siku ya arobaini haji siku ya mia nne. Hatusemi desturi ni mbaya, hata kidogo. Nyumba ambazo hazina matanga wala hitima, ambamo mtu hufiwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, ndizo za kuhurumiwa. Twasema kuwa tumewahi sana kufunga daftari.

Na jambo jingine walilolikuta wachunguzi hao lafaa kuandikwa kwa wino mzito: kilichoamua zaidi hali ya mtoto ni hali ya mzazi aliyebaki. Akiwa mzazi huyo amesimama, mtoto husimama. Kwa aliyewapoteza wote wawili, mahali hapo hukaliwa na mlezi. Ami aliyechoka, bibi mgonjwa, dada mkubwa mwenye miaka 22 aliyeachiwa watoto wanne: hao nao wana haki ya kusaidiwa. Wengi wetu hupeleka nguo za Idi kwa mayatima, tukampita mlezi mlangoni bila hata kumwuliza, "Na wewe walala?"

Kuna wasemao kuwa dawa ni kusahau: picha iondolewe, jina lisitajwe, mtoto asikumbushwe. Fikira hii ina mashiko hata huko Ulaya. Mwaka 1917 daktari wa Vienna, Sigmund Freud, alichapisha insha mashuhuri juu ya maombolezo, na ndani yake alisema kuwa kazi ya mfiwa ni kuyafungua mapenzi yake kutoka kwa marehemu, uzi baada ya uzi, mpaka moyo uwe huru. Fikira hiyo ilitawala miaka mingi. Lakini Freud mwenyewe alifiwa na binti yake Sophie mwaka 1920, na mwaka 1929, alipomwandikia rafiki yake aliyefiwa na mwana, alikiri kuwa pengo la namna hiyo halijazwi na chochote. Msiba ulimfundisha ambalo hakulifikia kwa elimu. Baadaye, mwaka 1996, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walitoa kitabu kilichoonyesha kuwa wafiwa wengi walio wazima hawakati uhusiano na maiti wao, huubadilisha tu. Huongea naye moyoni, huweka kitu chake, hujiuliza yeye angesema nini.

Mwislamu akisoma hayo hustaajabu kidogo, maana ni mambo aliyolelewa nayo. Bwana Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni wema gani uliobaki kwa mtu kuwatendea wazazi wake waliokufa, alitaja kuwaombea dua na maghufira, kutimiza ahadi zao, kuunga jamaa ambao uhusiano nao ni kwa sababu yao, na kuwakirimu rafiki zao. Huo ni uhusiano unaoendelea, tena una kazi za kufanya. Kijana asiyejua aifanyie nini huzuni yake akiambiwa, "Twende tukamwamkie rafiki wa baba yako," amepewa kitu cha kushika mkononi, na njiani pengine atasikia hadithi ya baba yake ambayo hajapata kuisikia.

Wala kulia si kukosa imani. Bwana Mtume mwenyewe alizaliwa baba yake amekwisha kufa. Mama yake, Bibi Amina, alifariki huko Abwa, kati ya Makka na Madina, na yeye ana miaka sita. Babu yake Abdul Muttalib akafuata alipokuwa na miaka minane. Miaka mingi baadaye, ni Mtume, ana umati nyuma yake, alilizuru kaburi la mama yake akalia mpaka waliokuwa naye wakalia. Imo katika Sahihi Muslim. Alikuwa amepita miaka hamsini. Yule amkatazaye kijana kulia kaburini kwa jina la dini, atazame kwanza dini imesimama upande gani. Kilichokatazwa ni kupasua nguo, kujipiga mashavu na kupiga makelele ya kumlaumu Mola. Chozi halimo.

Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra (629), Bwana Mtume alikwenda nyumbani kwa mjane wake, Bibi Asmaa bint Umais, akawaita watoto, akawakumbatia na kuwanusa, na macho yake yakatiririka machozi. Watoto waliuona msiba wa baba yao katika uso wa mtu mzima, hawakufichwa. Akaamrisha jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula. Akawaacha siku tatu, kisha akarudi, akamwita kinyozi awanyoe vijana, na akamsifu kila mmoja kwa jambo lake: huyu afanana na fulani, na huyu afanana nami kwa umbo na tabia. Mama alipoutaja uyatima wao kwa hofu, alimjibu kuwa yeye ndiye msimamizi wao duniani na Akhera. Hakumwambia yeyote katika wavulana wale kuwa sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Aliuchukua mzigo huo mwenyewe.

Na kama mtu ataka mfano wa umri tunaouzungumza, amtazame Anas bin Malik (r.a.). Baba yake alikuwa amekufa. Mama yake, Ummu Sulaim, alimpeleka kwa Bwana Mtume akiwa na miaka kumi, na akakaa katika utumishi wake miaka kumi. Hesabuni: kutoka 10 hadi 20, ujana wote mzima. Anas alishuhudia kuwa katika muda huo hakupata kuambiwa hata neno la kuchukizwa, wala hakuulizwa kwa lile alilolifanya, mbona umelifanya, wala kwa lile aliloliacha, mbona umeliacha. Sisi wenye vijana nyumbani, tukishinda siku moja tu kwa namna hiyo, tutakuwa tumefanya jambo.

Hata hivyo upole usifahamike kuwa ni kumwacha mtoto aende apendavyo. Huko Arizona, Irwin Sandler na wenzake waliwachukua watoto na vijana 244 wa miaka 8 hadi 16 waliofiwa, kutoka familia 156. Familia nyingine zilipewa vitabu vya kujisomea. Nyingine zilikutanishwa kwa mafunzo, watoto upande wao na walezi upande wao. Walezi walifundishwa mambo ya kawaida kabisa: kumsikiliza mtoto bila kumkatiza, kumwonyesha mapenzi, na kuweka kanuni za nyumba zisizobadilika kila siku. Baada ya miaka 6, na tena baada ya miaka 15, bado faida ilionekana kwa wale waliofunzwa. Saa ya kula ibaki saa ya kula, na atakayechelewa kurudi usiku aulizwe. Yatima anayeachiwa kila kosa kwa kuonewa huruma hufahamu kuwa hana mwenyewe.

Nasi huku hatukukosa. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kenya na Tanzania kwa yatima 640 wa miaka 7 hadi 13. Walikutanishwa kwa vikundi kwa majuma 12, na waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Katika sehemu tatu kati ya nne, watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliosaidiwa kwa njia zilizozoeleka. Katika mambo waliyofanya, moja lilikuwa ni mtoto kusimulia msiba wake, kidogo kidogo, mbele ya mtu asiyeshtuka. Kila mtaa wetu una mwalimu wa chuo, na una mama mmoja ambaye watoto wote humzoea. Hao wakifunzwa, kazi hii si kubwa kwao.

Kwa msichana mambo ni mazito zaidi, nasi twaona haya kuyafupisha, lakini nafasi hairuhusu. Mama akifa, binti wa miaka 14 hukabidhiwa jiko siku ile ile. Huwa mama wa wadogo zake kabla hajamaliza kumlilia mama yake. Shule hukatika kimya kimya, bila ya mtu kutamka kuwa imekatika. Pengine huozwa upesi, ati apate wa kumtunza. Tena kuna mambo ya mwili wake ambayo mama ndiye angemweleza. Zamani kulikuwa na somo wa kumshika mkono. Kama leo hayuko, shangazi na mama wadogo wajiulize ni nani kati yao aliyekwenda kuketi na mtoto huyo chumbani, mlango umefungwa, akamwuliza.

Kuna dalili ambazo si za kungojea. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeiingiza huzuni iliyorefuka: ile ambayo imepita miezi sita, imezidi kiasi cha desturi na dini ya watu wa mahali, na imemfunga mtu asiweze shughuli zake. Kijana akiacha kula, akijidhuru mwili, akianza kutumia vileo au bangi, au akisema kuwa ataka kumfuata mama yake, asiachwe peke yake siku hiyo, na apelekwe hospitali. Asomewe Kurani, ndiyo, na apelekwe hospitali. Mambo haya mawili hayagombani, na aliyetuamrisha dua ndiye aliyetuamrisha kutafuta dawa.

Sasa twamalizia habari ya yule kijana, kwa kuwa tumeianza.

Baada ya ugomvi ule, aliitwa shangazi yake kutoka mji mwingine. Tulidhani atamkalisha na kumpa nasaha. Hakumpa hata moja. Alikaa pale majuma matatu, na kila alasiri alimwita waketi pamoja ukumbini wachambue mchele, na katika kuchambua alimhadithia baba yake alivyokuwa mtoto: alivyoanguka mkwajuni, alivyofukuzwa chuoni, alivyoogopa mbwa. Siku nyingi kijana alisikiliza tu. Kisha alasiri moja akasema. Alisema kuwa wiki ile ya mwisho baba yake alimtaka akunje pindo la suruali moja ya mteja, naye akaitupa chini, akasema kushona si kazi ya mtu aliyesoma. Baba hakumjibu. Aliiokota suruali akaikunja mwenyewe. Siku nne baadaye akafa. Na kile cherehani kilipoondoka, kijana aliona kuwa hata pa kuombea radhi pameondoka.

Shangazi alicheka kwanza, halafu akalia, na kijana akalia naye, mara ya kwanza tangu mazishi. Akamwambia kuwa baba yake mwenyewe, katika umri huo huo, alikitoroka cherehani cha babu mara mbili, na mara ya pili alikamatwa forodhani akitaka kupanda jahazi.

Usiku ule ami mtu alimwita barazani. Sisi tulikuwapo. Alisema, "Nimekukosea, mwanangu. Deni lilikuwa la haki, lakini ilinipasa nikuulize kwanza." Kijana akainama akambusu mkono. Shangazi akaingia ndani, akatoka na mkasi mkubwa wa marehemu, ambao ulikuwa umebaki katika mizigo yake tangu siku za matanga, akampa.

Leo yeye ni karani bandarini, ana mke na mtoto mmoja, na hajui kutunga uzi katika sindano. Mkasi umo kabatini mwake. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, huuchukua kwa fundi ukanolewe, kisha huurudisha mahali pake.